Maji Yawakayo Moto: Uhakiki wa Sinema ya Gasland Ilivyotazamwa Kariakoo

Si desturi ya jarida hili kuhakiki sinema. Wasomaji wetu wamezoea kukuta hapa uhakiki wa vitabu vya ufafanuzi wa Biblia, historia ya misheni na maadili ya Kikristo, na hatuna nia ya kuibadili desturi hiyo njema. Tumeona yafaa, hata hivyo, kuijadili sinema ya Kimarekani iitwayo Gasland, iliyotengenezwa na Josh Fox mwaka 2010. Wanafunzi wetu wa somo la maadili huitaja mara kwa mara katika insha zao, na mara nyingi huitaja kana kwamba imemaliza hoja. Tena, tuliitazama pamoja nao na washarika wachache katika ukumbi mmoja Kariakoo, na mazungumzo yaliyofuata yakatuonyesha jambo ambalo tungaliitazama faraghani tusingaliliona.

Kwanza tueleze habari yenyewe. Fox, akaaye Milanville katika jimbo la Pennsylvania, karibu na mto Delaware, alipokea barua iliyomwahidi karibu dola 100,000 endapo angeikodisha ardhi ya familia yake kwa kazi ya kuchimba gesi. Badala ya kutia sahihi, akachukua kamera na kusafiri majimbo kadhaa kuwatembelea waliokwisha kutia. Gesi itafutwayo huko haikai katika mwamba wenye vinyweleo, ambao ukitobolewa hutoa wenyewe. Imenaswa katika mwamba mgumu ulio chini sana. Ili itoke, maji mengi yaliyochanganywa na mchanga na kemikali husukumwa chini kwa nguvu kubwa hata mwamba upasuke. Wenyeji aliowakuta walilalamika kwamba tangu uchimbaji uanze maji ya visima vyao yamebadilika rangi na harufu, na kwamba mifugo na watoto wanaugua. Katika jimbo la Colorado mwenye nyumba mmoja anawasha kiberiti karibu na bomba la jikoni, na maji yanashika moto.

Picha hiyo ndiyo iliyoipa sinema umaarufu wake. Ilipata tuzo maalumu ya waamuzi katika tamasha la Sundance mwaka 2010, ikapendekezwa kwa tuzo ya Oscar mwaka uliofuata, na vikundi vya wananchi waliopinga uchimbaji wakaibeba kutoka ukumbi hadi ukumbi. Yapasa kusema wazi kwamba picha hiyo hiyo ndiyo iliyoshambuliwa kuliko zote. Tume ya serikali ya Colorado isimamiayo mafuta na gesi ilieleza kwamba gesi iliyowaka katika nyumba ile ilitokana na kuoza kwa viumbe ndani ya ardhi, wala haikuletwa na uchimbaji. Tume hiyo ilikiri pia kwamba katika kisima kingine kilichoonyeshwa kulikuwa na mchanganyiko wa gesi za namna zote mbili. Mhubiri anayejenga hotuba yake yote juu ya kiberiti kile amejenga juu ya mchanga, na tumewaonya wanafunzi wetu hivyo. Lakini hoja ya Fox haikuanguka pamoja na kiberiti. Mwaka 2005 sheria ya nishati ya Marekani iliundoa upasuaji huu wa miamba katika masharti ya sheria ilindayo maji ya kunywa, na mwezi wa Desemba 2016 shirika la serikali ya nchi hiyo lisimamialo mazingira lilihitimisha kwamba kazi hiyo yaweza, katika hali fulani, kuyadhuru maji ya kunywa.

Kwa mtazamo wa kithiolojia, habari hiyo ya sheria ya 2005 ndiyo sehemu nzito kuliko zote katika sinema, ingawa Fox anaipita kwa haraka akirudi kwenye gitaa lake la banjo. Luther, anapofafanua amri ya tisa na ya kumi katika Katekismo Kubwa, anasema kwamba amri hizo hazikuwekwa kwa ajili ya wezi na walaghai wanaojulikana. Ziliwekwa kwa ajili ya watu waheshimiwa, wanaovuta kwao mali ya jirani kwa hati, kwa hukumu na kwa sura ya haki. Wanafunzi wetu huiona sehemu hiyo ya Katekismo kuwa marudio ya amri ya saba, na huisoma wakikimbilia mtihani. Baada ya kuwaona wakulima wa Pennsylvania wakiwa na mikataba halali mikononi na ndoo za maji ya kahawia miguuni, hakuna aliyeona tena kuwa ni marudio.

Kasoro ya sinema tulionyeshwa na mama mmoja mwenye banda la chakula karibu na soko. Bomba lilipowaka ukumbi mzima uliguna. Yeye alitikisa kichwa na kuuliza, "Mchungaji, kumbe kwao bomba likifunguliwa maji yanatoka tu?" Watu wakacheka, nasi tukacheka. Baadaye tukaona kwamba ameihakiki sinema kwa sentensi moja. Fox anamchukulia mtazamaji wake kuwa ni mtu mwenye maji mema ambayo mwingine anakuja kuyaharibu. Mtazamaji anawekwa upande wa mdhulumiwa tangu picha ya kwanza hadi ya mwisho, wala haulizwi amesimama wapi.

Sisi wa Kariakoo tumesimama wapi? Hakuna mtu aliyepasua mwamba chini ya Mtaa wa Msimbazi. Maji ya visima vya katikati ya jiji yaliingiwa na chumvi kwa sababu yamevutwa mno karibu na bahari, na yakachafuliwa na vyoo vya shimo vya nyumba tulizojenga na kupangisha wenyewe. Maji ya kunywa hutoka mto Ruvu, kwa mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Kina cha mto kiliposhuka mwishoni mwa mwaka 2022, jiji zima likaingia katika mgawo, na bei ya dumu mitaani ikapanda siku hiyo hiyo. Wenye majengo marefu walikuwa na visima na matangi yao. Wapangaji wa vyumba vya uani walisubiri mkokoteni. Hapa uharibifu wa maji haukuletwa na mgeni mwenye mkataba, na sinema iliyotufundisha kumtafuta mgeni huyo haitusaidii kujiona.

Gesi nayo tunayo, ila inatoka kwingine. Yafaa kuondoa kwanza kosa moja linalosikika sana. Mtungi wa gesi alio nao mama yule bandani haukujazwa Mtwara. Gesi hiyo huletwa kwa meli kutoka ng'ambo. Gesi ya nchi yetu iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982, nayo hutoka katika miamba ya mchanga bila kuhitaji kupasuliwa kwa namna iliyoelezwa na Fox. Ile ya Songo Songo ilianza kufika Dar es Salaam mwaka 2004. Kisha likajengwa bomba kubwa zaidi, lenye urefu wa kilomita 500 na zaidi, kutoka Mtwara hadi Kinyerezi kwa mkopo wa China, likazinduliwa Oktoba 2015. Katika miaka iliyofuata sehemu kubwa ya umeme wa gridi ya taifa ilitokana na gesi hiyo. Taa za maduka ya Kariakoo, majokofu ya samaki, na kipaza sauti tunachohubiria Jumapili vilitegemea bomba hilo.

Wasomaji wanakumbuka kwamba halikujengwa kimya kimya. Desemba 2012 wananchi wa Mtwara waliandamana kulipinga. Januari 2013 ghasia zikazuka Mtwara na Masasi, na Mei mwaka huo huo, siku iliposomwa hotuba ya bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini, zikazuka tena. Watu walikufa, nyumba na ofisi zikachomwa moto, jeshi likapelekwa. Serikali ilijibu kwamba rasilimali ni ya taifa zima, na jibu hilo lina ukweli wake. Nchi yetu isingeweza kusimama kama kila mkoa ungefunga mlango wake. Hoja ya wananchi, hata hivyo, haikuwa kwamba gesi ni yao peke yao. Waliona kila kitu kikitoka na hakuna kinachobaki. Ni watu ambao reli yao ya kusini iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, ambao daraja la Rufiji lililowaunganisha na Dar es Salaam lilifunguliwa mwaka 2003 tu, na ambao nyanda zao za Makonde zina sifa ya kale ya uhaba wa maji, hata kina mama kuteremka mabondeni na kupanda tena na ndoo kichwani. Wakaambiwa wafurahi kwa ajili ya taifa.

Sisi tuliokuwa katika mimbari za Dar es Salaam mwaka ule tulihubiri nini? Tuliombea amani. Tulisoma Warumi 13. Hatusemi kwamba kuombea amani ni vibaya, ila tunakiri kwamba tuliiomba kama watu wanaoomba umeme usikatike. Haikutujia kwamba bomba lililokuwa likigombaniwa lilikuwa linakuja kwetu.

Makanisa yetu hayakuwa bubu, na haki itendeke kwa kulisema hilo. Mwaka 2008 Jumuiya ya Kikristo Tanzania, pamoja na Baraza la Maaskofu Katoliki na BAKWATA, walitoa taarifa nzito juu ya namna nchi inavyokosa kufaidika na dhahabu yake. Ilihitaji ujasiri. Lakini swali lake kuu lilikuwa juu ya fungu la taifa mbele ya makampuni ya nje. Swali la fungu la kijiji mbele ya jiji ni gumu zaidi kwetu, kwa kuwa linatukuta sisi wenyewe upande wa pili. Vivyo hivyo, Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilipokutana Windhoek mwaka 2017 na kutamka kwamba uumbaji si wa kuuzwa, tulipiga makofi bila kuuliza nani ananunua.

Hapo ndipo tunapoona kwamba Fox aliligusa jambo kubwa na kuliacha. Sinema yake yahofia sana mabonde yanayolipatia jiji la New York maji. Hofu hiyo ilisikika: mwezi wa Desemba 2014 serikali ya jimbo la New York ilitangaza kuupiga marufuku upasuaji huu wa miamba, na mwaka 2021 tume isimamiayo bonde la mto Delaware ikafanya vivyo hivyo. Waliopinga walikuwa wengi na walifanya kazi ya kusifiwa. Lakini katika maeneo mengine ya Pennsylvania visima viliendelea kuchimbwa, na gesi yake ikaendelea kufika New York kwa mabomba. Jiji lililinda kikombe chake likabaki na moto wa jirani. Mhakiki wa Kimarekani angeweza kulipita jambo hilo; mhakiki aliye Kariakoo hawezi.

Tulipofika hapo katika mazungumzo, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu alifungua 2 Samweli 23, habari ya Daudi katika pango la Adulamu. Daudi anatamani maji ya kisima kilicho langoni pa Bethlehemu. Mashujaa watatu wanapenya jeshi la Wafilisti, wanayateka na kumletea. Naye anakataa kuyanywa na kuyamimina mbele za Bwana, kwa maana kwake ni damu ya watu waliohatarisha maisha yao. Wafafanuzi wengi hulisifu pendo la wale watatu. Mwanafunzi alitaka kujua kama kitendo cha Daudi kinatuagiza kuzima taa. Tulimjibu kwamba hapana: Daudi hakuagiza kisima kifukiwe, na watu wa Bethlehemu waliendelea kukihitaji. Alichokikataa ni kunywa kana kwamba maji yale hayakumgharimu mtu. Mwanafunzi hakuridhika. Alisema kwamba kwa Daudi kumimina kulikuwa rahisi, kwa sababu kiu yake ilikuwa ya tamaa tu, wala hakuwa na duka la samaki. Hatukuwa na jibu la haraka, na hadi tunapoandika hatujalipata.

Kwa wachungaji watakaopenda kuionyesha sinema hii katika sharika zao: lugha yake ni Kiingereza cha haraka na itahitaji mfasiri aliyejiandaa. Isionyeshwe bila maelezo juu ya bomba lile la Colorado, wala isionyeshwe Dar es Salaam bila kuwapo mtu wa kueleza habari za Mtwara. Sisi tutaionyesha tena muhula ujao, na tumemwomba mwinjilisti mmoja aliyekuwa Masasi mwaka 2013 aje azungumze kabla ya taa kuzimwa.