Catherine Cookson na mama yake Kate

Katika Uingereza alikuwako mwanamke mmoja, jina lake Catherine Cookson, ambaye vitabu vyake viliuzwa zaidi ya nakala milioni 100. Kwa miaka 17 mfululizo, hapakuwa na mwandishi ambaye vitabu vyake viliazimwa zaidi katika maktaba za watu wote za nchi ile. Wauza-vitabu walimwita mwandishi wa hadithi za mapendo, na majalada wakayapamba kwa sura za wasichana wazuri waliojitanda shali. Yeye mwenyewe hakulipenda jina hilo. Mimi naona alikuwa na haki, lakini si haki yote.

Alizaliwa mwaka 1906 huko Tyne Dock, katika mji wa South Shields, mahali pa bandari na makaa ya mawe. Mama yake, Kate, hakuwa ameolewa. Basi nyumbani wakaificha aibu: mtoto akafundishwa kuwaita wazee wa nyumba baba na mama, naye Kate akawa kwake kama dada. Kweli aliipata njiani, kwa vinywa vya watoto wenzake, waliomcheka kwamba hana baba. Tuweke kitabu chini kidogo hapa. Watoto hawatungi maneno ya namna hii. Huyasikia kwa wakubwa wao. Catherine alibatizwa na kulelewa katika dini yetu, akaenda Misa pamoja na wengine, na jeraha lile hakuna aliyelifunga. Je, katika mitaa yetu sisi, mtoto wa namna hii tunamwitaje, akiwa amekwisha kupita?

Kate alikunywa sana. Mtoto ndiye aliyetumwa na mtungi kuleta bia, na ndiye aliyechukua vitu vya nyumba kwenda kuviweka rehani. Baadaye alifanya kazi ya utumishi, kisha katika dobi la nyumba ya maskini, mpaka akahamia Hastings. Mwaka 1940 akaolewa na Tom Cookson, mwalimu. Mimba nne ziliharibika, moja baada ya nyingine. Tena alikuwa na ugonjwa wa damu ambao haukumwacha maisha yake yote. Mwishowe akili yake ikachoka, akaingia hospitali. Alipotoka alishika kalamu ili asizame. Imani aliiacha. Sisi tunasikitika, lakini anayesoma jinsi alivyoogopa jehanamu katika utoto wake hatakuwa mwepesi kumhukumu.

Kitabu cha kwanza, Kate Hannigan, kilitoka mwaka 1950. Angalieni jina lile: ni la mama yake. Daktari anaitwa usiku, kabla ya Noeli, katika mtaa wa maskini, kumzalisha msichana asiye na mume. Kurasa hizo ni nzuri sana: baridi, chumba kimoja, majirani wenye macho makali. Halafu daktari anampenda msichana, na baada ya taabu nyingi mambo yananyoka. Kwa Kate wa kweli hakuna daktari aliyerudi. Huo ndio ugonjwa wa vitabu vyake vingi: kidonda ni cha kweli, dawa ni ya dukani. Wachapaji waliijua dawa hiyo inauzwa, naye aliandika karibu vitabu 100. Wasomaji siwalaumu. Mwanamke aliyefua nguo za watu tangu asubuhi, akitaka jioni kuona maskini mmoja akipata haki yake, nani amkatalie?

Lakini kipo kimoja ambacho hakina dawa ile, Our Kate, cha mwaka 1969, habari za maisha yake mwenyewe. Alikiandika na kukiandika tena kwa miaka mingi, maana mara za kwanza uchungu ulijaa mno. Mama yake, alipokuwa mgonjwa, alimtunza nyumbani kwake Hastings, mpaka alipokufa mwaka 1956. Basi kitabuni tunamwona Kate mlevi aliyemtia mtoto haya; tena tunamwona Kate mchapa kazi, mcheshi, mwenye mkono wazi, ambaye nyumba nzima ilimkalia mgongoni. Hakuna arusi ya kufunga hesabu. Kuna binti tu, anayejaribu kusema kweli juu ya mama yake bila kumwua mara ya pili. Mwenye kutaka kusoma kimoja tu katika vitabu vyake, asome hiki.

Alikufa mwezi wa Juni 1998, zikibaki siku chache atimize miaka 92. Tom alimfuata baada ya siku 17. Wachapaji walikuwa bado na miswada yake mikononi, wakaendelea kuitoa, kitabu baada ya kitabu, na juu yake jina lake kwa herufi kubwa.