Neno "Bure" Lisilomaliza Sentensi: Uhakiki wa Vibandiko vya Kazi za Kidijitali Zinazotegemea Nyongeza za Kulipia, kwa Mfano wa Milanzi, Sumbawanga

Makala haya yanahakiki neno moja linalobandikwa juu ya kazi za kidijitali ambazo watu wa kawaida huzitunga na kuzigawa bila kudai chochote: neno bure. Hoja kuu ni kwamba neno hilo, likiwekwa juu ya kazi isiyotumika mpaka mtu anunue kitu kingine, halisemi uongo ila linakatisha sentensi katikati. Kinachohitajika si kulipiga neno marufuku, bali kukitaja kwa jina kitu cha kununuliwa, mahali palepale neno lilipoandikwa.

Chanzo cha makala ni tukio dogo katika kata ya Milanzi, Manispaa ya Sumbawanga. Mwalimu mmoja alipokea kiolezo cha jedwali la kuchakata matokeo, kilichotungwa na mwalimu wa mkoa mwingine na kupita mkono kwa mkono, simu kwa simu, kisha flashi. Kilikuwa na maandishi "bure kwa walimu wote". Kompyuta ya shule ilikuwa na LibreOffice, programu isiyolipiwa. Kiolezo kilifunguka na majina ya wanafunzi yakaonekana, lakini safu za madaraja zilibaki tupu, kwa kuwa hesabu zake zilitegemea Excel na nyongeza moja ya kulipia. Usiku huo madaraja ya kidato kizima yalipigwa kwa kikokotoo. Mwandishi wa makala haya alikuwa miongoni mwa waliosoma alama kwa sauti.

Katika mjadala huu Kiswahili kimejaliwa. Waingereza hutumia neno moja kwa kitu kisicho na bei na kwa kitu kisicho na vizuizi, na wanaharakati wa programu wamelazimika kueleza tofauti hiyo tena na tena. Kiswahili kina bure na kina huria. Hakuna anayesikia jina la Chuo Kikuu Huria cha Tanzania akadhani hakuna ada. Hata hivyo, bure ina upande wake wa pili: "amekwenda bure" ni kusema safari yake haikuzaa kitu. Mtu aliyemaliza kifurushi chake cha intaneti kupakua kazi isiyofunguka amepata bure kwa maana zote mbili.

Tofauti inayozungumziwa ilionekana mapema katika historia ya kompyuta za Kiswahili. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili zilizokuwa huria na bure kwa pamoja. Mwaka huohuo Microsoft ilitangaza mpango wa kuzitafsiri Windows na Office kwa Kiswahili. Tafsiri hiyo ilipotoka haikuuzwa. Lakini ilivishwa juu ya Windows au Office iliyokwisha kununuliwa. Zote mbili ziliweza kuitwa bure bila mtu kusingiziwa. Ya kwanza ilikuwa nyumba, ya pili ilikuwa rangi ya nyumba. Katika masimulizi ya maendeleo ya Kiswahili cha kompyuta, mara nyingi hutajwa kwa pumzi moja kana kwamba zilimfikia mtumiaji kwa njia moja. Huo ni usomaji mvivu.

Nje ya Afrika Mashariki vipo vibandiko vilivyofikiriwa zaidi. Debian, kwa mfano, huweka programu huria zinazotegemea programu zisizo huria katika fungu la peke yake liitwalo contrib. F-Droid, iliyoanza 2010, huzitia alama programu zinazotegemea au kupigia debe nyongeza zisizo huria. Utaratibu huo unastahili sifa, ila unapima leseni, si mfuko: kitu kisicho huria chaweza kugawiwa bila bei. Kwa lugha yetu, umejibu swali la huria na kuliacha la bure. Jibu bora limetoka mahali ambapo wasomi hawapatazami sana, yaani michezo ya kompyuta. ProMods ni ramani iliyotengenezwa na wapenzi wa mchezo wa Euro Truck Simulator 2, nayo hugawiwa bila malipo. Haifanyi kazi bila ramani kadhaa za kununua, na watengenezaji wake huzitaja kwa majina kabla mtu hajapakua.

Mtahini anaweza kuuliza: basi umeme, simu na kifurushi navyo viandikwe? La. Kibandiko kinachotaja gharama za kila kitu hakimwelezi msomaji lolote kuhusu kitu hiki. Kinachotajwa ni kile ambacho kazi hii inakidai na kazi nyingine ya aina yake haikidai. Mpaka huo si safi, maana anayelipia kila saa ya kompyuta katika duka la steshenari haoni tofauti kubwa kati ya gharama hizo. Lakini bila mpaka kibandiko hufa. Watanzania wamelipitia jambo hili katika elimu. Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 ulifuta ada, na Waraka Na. 3 wa 2016 ukalazimika kufafanua nani anabeba nini, sare na daftari zikibaki kwa mzazi. Ufafanuzi ulikuja baada ya neno kwisha kusambaa, na walimu wakuu ndio waliobeba lawama za katikati.

Lawama hiyohiyo humwangukia mtungaji wa kujitolea. Yule mwalimu wa kiolezo alitoa jioni zake kadhaa na akaitwa tapeli na watu asiowajua. Maneno machache yangemkinga: "Kiolezo hiki ni bure. Kinahitaji Excel na nyongeza fulani, zote za kununua. Hakijajaribiwa katika LibreOffice." Maneno hayo yaandikwe katika ukurasa wa kwanza wa jedwali lenyewe, si katika ujumbe unaolisindikiza, kwa sababu Milanzi faili hufika kwa flashi na ujumbe huwa umebaki katika simu ya mtu wa tatu.