Mlima Kwanza, Garimoshi Baadaye

Nilipokuwa nikiishi Denver, nilikuwa na jirani, mzee mstaafu, aliyejenga reli ya mfano katika chumba cha chini ya nyumba yake. Kila aliyeshuka ngazi zile aliuliza garimoshi liko wapi. Yeye alitaka tutazame jiwe.

Jiwe lenyewe lilikuwa la plasta. Aliimimina katika kalibu ya mpira iliyochukua sura ya mwamba halisi, akalibandika ubavuni mwa mlima lingali na unyevu, kisha akaanza kulitia rangi. Hapo mtazamaji asiye na subira alikuwa akiaga. Kwanza maji yenye tone la rangi ya udongo, yakaachwa yanyonywe na plasta. Halafu madoa, ya manjano hapa, ya kijivu kule, bila kugusana. Mwisho maji ya wino mweusi, mepesi mno, yaliyoteremka yenyewe na kutuama nyufani. Mzee hakuchora kivuli. Alikiacha kijitafutie mahali pake. Kisha alichovya brashi kavu katika rangi nyeupe, akaifuta kwenye kitambaa mpaka ikawa kama haina kitu, akaipitisha juu ya kingo. Asubuhi plasta ile ilikuwa unga mfukoni. Jioni ilikuwa imepigwa na mvua za miaka elfu.

Udongo nao hakuununua dukani. Aliuchota kando ya njia ya zamani karibu na Ophir, akaukausha kwenye oveni, akauchekecha kwa soksi ya nailoni, akautandaza kati ya mataruma. Aliunyunyizia maji yenye sabuni kidogo ili usiikatae gundi, kisha akadondoshea gundi nyeupe iliyozimuliwa, tone kwa tone, kwa bomba la sindano. Mataruma aliyaacha yamezama nusu vumbini, na katikati ya reli akaotesha magugu ya nyuzi za kamba ya katani. Hakuwa mvivu wa kufagia. Kampuni maskini za milimani hazikuwa na fedha za kumwaga kokoto safi, na yeye alikuwa akisema kweli juu ya umaskini wao.

Maana njia nyembamba ni mtoto wa umaskini na mlima. Kule Colorado reli ziliachana milimita 914 tu, badala ya 1,435 za njia ya kawaida, ili njia iweze kujipinda kufuata bonde na isidai mahandaki ya gharama. Otto Mears alijenga Rio Grande Southern mwaka 1890 na 1891, kutoka Ridgway hadi Durango, akiifuata fedha ya migodini. Ilipanda hadi Lizard Head, zaidi ya mita 3,100 juu ya usawa wa bahari. Mwaka 1893 bei ya fedha ikaanguka na kampuni ikafilisika. Iliendelea kuchechemea hadi 1951, kisha reli zikang'olewa. Wanaoijua leo daraja kwa daraja na tangi kwa tangi ni hawa wazee wa plasta na gundi.

Na kwa kuwa mlima ndio bwana, fundi wa kweli hulikubali garimoshi kuwa dogo. Katika kipimo cha moja kwa 87, njia ile hubaki na upana wa milimita 10.5, na msonobari wa mita 25 hufika karibu sentimita 29. Wengi huuogopa mti huo. Huotesha vichaka vya kimo cha kidole, na papo hapo mlima mzima hugeuka meza yenye vitu vya watoto. Siku hizi kuna nyasi za kukunjua kama mkeka na miti ya pakiti, yote kijani kimoja. Sina ugomvi na duka, lakini kijani kimoja ni cha mtu ambaye hajawahi kuutazama mti.

Bwana wa kazi hii, kwa hukumu yangu, alikuwa John Allen wa Monterey, California, mpiga picha aliyeinua milima kutoka sakafuni hadi karibu na dari, akaficha vioo ili mabonde yaendelee kusikokuwa na nafasi, na kando ya njia kuu akapitisha njia nyembamba. (Mtu huyohuyo alimweka dinosaria afanye kazi ya kusukuma mabehewa. Umakini wake haukuwa wa kununa.) Alifariki Januari 1973. Siku chache baadaye moto uliteketeza kazi yake. Zimebaki picha.

Sisi tuna njia nyembamba yetu, ya upana wa mita moja, iliyoanza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu 1901. Nani ameijengea mlima? Fundi wake angehitaji makopo ya udongo yaliyopangwa kwa stesheni: mawe ya mchanga ya Mazeras, wekundu wa Voi unaopaka tembo rangi, weusi wa nyanda za Athi unaonata kwenye kiatu, vumbi jeupe la Naivasha. Abiria wa zamani aliyajua haya bila kufundishwa, kwa sababu yaliingia dirishani na kukaa kwenye shati lake. Tangu 2017 treni mpya hupita juu ya tuta na madaraja marefu, dirisha halifunguki, na nchi imekuwa kitu cha kupitwa haraka. Stesheni za kale zinang'olewa mabati na mbao, na wanaozibomoa hawana habari kuwa zilistahili hata kupigwa picha.

Kwa hiyo wewe unayeishi karibu na mojawapo, usingoje jumba la makumbusho. Chukua futi kamba upime mlango, paa na jukwaa. Piga picha ukuta ulipobambuka rangi. Chora mti ulio karibu na tangi na uandike kimo chake. Kisha chota udongo kopo moja, uandike jina la stesheni kwenye kifuniko, umkabidhi kijana mwenye mikono mizuri.