Jina Kati ya Godoro na Ng'ombe

Mtu mwenye mali akifariki katika mji mmoja wa koloni la Massachusetts miaka ya 1750, kabla warithi hawajagusa kitu, wathamini wanapita nyumbani kwake chumba kwa chumba na kalamu mkononi. Wanaanza na nguo za marehemu, wanahamia kwenye vitanda, magodoro ya manyoya, vyungu vya chuma na vijiko vya fedha, kisha wanatoka nje kuhesabu ng'ombe, farasi na majani makavu yaliyomo ghalani. Kila kitu kinapewa bei yake. Na mahali fulani katikati ya orodha, kwa mwandiko uleule na wino uleule, anaandikwa mtu: mwanamume mweusi, jina moja, pauni kadhaa, au mwanamke na mtoto wake, wote wawili kwa bei moja.

Orodha hizo hazikufichwa. Zimekaa kwenye mahakama za mirathi na katika hifadhi za wilaya kwa zaidi ya miaka 250, na yeyote angeweza kuomba kuzisoma. Waliokuwa adimu ni wasomaji, na wasomaji wa aina hiyo ndio ninaotaka kuwasifu hapa. Ufundi wao hauna kelele: wanasoma karatasi iliyoandikwa kwa ajili ya deni, kodi au urithi, na kuilazimisha ijibu swali ambalo mwandishi wake hakuwahi kulifikiria.

Wengi wetu tumefundishwa kwamba utumwa wa Marekani ulikuwa jambo la Kusini, la mashamba ya pamba na tumbaku, na kwamba Kaskazini ndiko walikokimbilia waliotoroka. Watu wa Kaskazini wenyewe walijifundisha hivyo. Ukweli ni kwamba Massachusetts iliruhusu utumwa kwa sheria mwaka 1641, kabla ya koloni la Virginia kufanya hivyo. Mahakama zake ziliuvunja mwanzoni mwa miaka ya 1780. Connecticut ilianza kuupunguza polepole mwaka 1784 na haikuumaliza kabisa hadi 1848. New York ilifikia mwisho tarehe 4 Julai 1827. New Jersey iliendelea kuwa na watu wachache kifungoni hadi katiba ya nchi nzima ilipobadilishwa mwaka 1865. Mwanahistoria Joanne Pope Melish, katika kitabu alichokitoa mwaka 1998, alionyesha jinsi watu wa New England, yaani majimbo ya kaskazini-mashariki, walivyojiondolea kumbukumbu hiyo, mpaka ikaonekana kana kwamba weusi waliokuwa wakiishi kwao wametoka mahali pengine.

Basi turudi kwenye karatasi.

Shida ya kwanza ni pesa. Msomaji mgeni akiona mtu amethaminiwa pauni 400 mwaka 1748 na mwingine pauni 53 mwaka 1752, atadhani bei ilianguka au yule wa pili alikuwa mgonjwa. Anayeijua kazi anatulia. Massachusetts ilikuwa imechapisha noti za karatasi mpaka thamani yake ikayeyuka, na mwaka 1750 zikabadilishwa kwa kiwango cha pauni saba na nusu za zamani kwa moja mpya. Watu hao wawili walithaminiwa sawa. Asiyejua hesabu hiyo atajenga hoja nzima juu ya mchanga.

Shida ya pili ni kwamba vitabu vya kanisa na vya mji vilipenda kuwaita watumwa "watumishi", na watumishi weupe wa mkataba pia waliitwa hivyo. Hapo ndipo karatasi inapopelekwa mbele ya karatasi nyingine kama mashahidi wawili mbele ya kadhi. Orodha ya kodi ya Massachusetts ya mwaka 1771 ina safu ya "watumishi wa maisha", walio kati ya miaka 14 na 45. Kwa hiyo mtu akionekana kwenye kitabu cha ubatizo kama mtumishi, na mwenye nyumba ileile akatozwa kodi ya mtumishi wa maisha, mambo yameanza kueleweka. Lakini safu hiyohiyo ina mtego. Aliyefika miaka 46 anatoweka kwenye orodha ingawa bado yupo jikoni anachota maji. Msomaji mwenye pupa atasema ameachwa huru au amekufa. Mwenye subira atatafuta daftari la duka.

Madaftari ya duka ndiyo utamu wa kazi hii, kwa maoni yangu. Mwenye duka, daktari, fundi viatu, kila mmoja aliandika nani anadaiwa nini, na biashara haina aibu ya kutaja watu. Daktari anaandika ada ya kumtibu mtumwa wa mchungaji. Fundi anaandika viatu alivyovitengeneza na vilimwendea nani. Hapo ndipo unapokuta pia watu weusi wenye hesabu yao wenyewe, wakilipa kwa siku za kazi walizojitafutia.

Robert Romer alikuwa profesa wa fizikia katika Amherst College, na baada ya kustaafu akaugeukia mji wa Deerfield, ulio karibu, kwenye bonde la mto Connecticut. Kitabu alichokitoa mwaka 2009 kinakwenda kama mtu anayetembea mtaani akigonga mlango baada ya mlango: nyumba hii ilikuwa ya nani, alimmiliki nani, na ni karatasi gani inayothibitisha. Akipata neno la mtu mmoja tu, anasema ni neno la mtu mmoja. Nadhani fizikia ilimsaidia hapo. Kinachowashtua wasomaji wengi ni wachungaji. Bonde zima, mchungaji baada ya mchungaji, unamkuta na watumwa.

Mmoja wao ni Jonathan Ashley wa Deerfield. Mwaka 1749 aliandika hotuba maalumu kwa ajili ya watumwa wa mji, akiwafundisha wajibu wao. Nyumbani kwake alikuwa na Jenny na mwanawe Cato. Kitabu kikubwa cha historia ya mji, alichokiandika George Sheldon miaka ya 1890, kina kisa cha Jenny: kwamba alitekwa Guinea akiwa na umri wa miaka kama 12, na kwamba maisha yake yote aliokota vitambaa vya rangi, vijiwe, makombe, vifungo na shanga, akaviweka akiba, kwa kuwa aliamini siku moja angerudi kwao na kwenda navyo. Sheldon alikiweka kisa hicho kama pambo la hadithi ya mji. Ukikisoma leo ukiwa tayari umeisoma hotuba ya mchungaji na madaftari ya duka, vifungo vile vinakuwa ushahidi. Huyu ni mtu aliyeishi chini ya paa la mwenye kumhubiria utii, na ambaye hakukubali kwamba hapo ndipo kwao.

Deerfield, kwa bahati, ni mji unaojulikana kwa kukumbuka utekwaji. Mwezi Februari 1704 Wafaransa na wenyeji wa Amerika walioungana nao waliuvamia usiku, wakaua na kuwachukua watu zaidi ya 100 hadi Kanada kwa miguu kwenye theluji. Mchungaji John Williams alirudi akaandika kitabu kuhusu kutekwa kwake, na vizazi vimekisoma. Katika nyumba ya Williams usiku ule walikuwamo Parthena na mumewe Frank, watumwa wake. Parthena aliuawa nyumbani, Frank akauawa njiani. Majina yao yalikuwa kwenye kumbukumbu za uvamizi tangu mwanzo. Ilichukua muda mrefu mno kwa mtu kuuliza hao wawili walitekwa mara ngapi.

Nimeongea sana juu ya karatasi, kumbe shahidi ninayempenda kuliko wote ni jiwe. Liko Newport, Rhode Island, bandari ambayo, pamoja na majirani zake, ilipeleka meli Afrika zilizobeba pombe kali na kurudi na watu. Safari za Rhode Island zilichukua Waafrika zaidi ya 100,000. Katika makaburi ya mji kuna sehemu ya weusi iitwayo God's Little Acre. Mawe yake mengi ni yale meusi ya tabaka tabaka, ya jamii ileile iliyochongwa kuwa vibao vya kuandikia shuleni. Jua la mchana likiyapiga usoni husomi kitu. Wanaoyasoma husubiri jua la pembeni, au hushika kioo na kulielekeza jua likwaruze uso wa jiwe, na herufi zinainuka kwa vivuli vyake.

Jiwe moja ni la Cuffe Gibbs, aliyekufa Desemba 1768 akiwa na miaka 40. Maandishi yanasema lilichongwa na Pompe Stevens kwa ukumbusho wa ndugu yake. Pompe alikuwa mtumwa katika karakana ya mawe ya ukoo wa Stevens, iliyoanzishwa mwaka 1705 na ambayo mpaka leo inachonga mawe Newport. Mafundi wa wakati ule mara chache walitia jina lao kwenye jiwe la kaburi. Mtumwa huyu alilitia, na hakulificha pembeni chini: aliliweka ndani ya maandishi yenyewe.

Lakini tazama alichotufanyia sisi wasomaji. Pompe ana jina la ukoo wa Stevens, Cuffe ana jina la ukoo wa Gibbs, kila mmoja amebeba jina la nyumba iliyommiliki. Weka karatasi zote za Newport mezani, orodha za mirathi, kodi, ubatizo, na hakuna msomaji, hata awe hodari vipi, ambaye angewaunganisha watu hawa wawili. Undugu haukuwa na safu katika daftari la mtu yeyote. Pompe alishika tindo akaiongeza safu hiyo kwa mkono wake.

Ufundi huu sasa unafundishwa kwa watoto. Huko Guilford, Connecticut, tangu 2017, wanafunzi hupewa karatasi za mtu mmoja aliyekuwa mtumwa mjini kwao, wakamtafuta mpaka wampate, kisha kibao chenye jina lake huwekwa pale alipoishi au alipofanya kazi. Wazo la kibao limetoka Ujerumani, kwa mchongaji Gunter Demnig. Ninalolipenda zaidi ni lile linalotangulia kibao: mtoto wa miaka 13 akibishana na mwandiko wa mwaka 1760.

Si mbali na Guilford, karibu na mto Connecticut, kuna miji miwili ambayo msomaji wa pwani yetu anapaswa kuifahamu: Deep River na Ivoryton. Miji hiyo iliishi kwa pembe za ndovu. Viwanda vyake vilizipasua kuwa vibao vyembamba vya kupakia funguo za piano, na katika nusu ya pili ya karne ya 19 sehemu kubwa sana ya pembe zilizotoka Zanzibar iliishia huko. George Read, mmoja wa waanzilishi wa biashara hiyo, alipinga utumwa na kumpa hifadhi mtu aliyetoroka kutoka Kusini. Na pembe alizozikata zilishuka kutoka bara hadi pwani vichwani na mabegani mwa watu, wengine Wanyamwezi huru waliolipwa ujira, wengine watumwa.

Waandishi wa habari wa Hartford waliotoa kitabu juu ya Kaskazini na utumwa mwaka 2005 waliipa biashara hii sura nzima, na tangu hapo haiwezekani tena kuusimulia mji wa Ivoryton bila Zanzibar. Ila karatasi za wafanyabiashara zinaongea kwa frasila na bei, meno makubwa mbali na yale madogo yaliyoitwa kalasha. Kwa wapagazi, kazi aliyoifanya Romer mlango kwa mlango haina budi kuanzia upande huu, kwenye vitabu vya misheni ya Bagamoyo, kwenye barua za makonsuli, na kwenye madaftari ya Zanzibar ya watu walioachwa huru baada ya amri ya 1897 ya kukomesha utumwa. Nayo yameandikwa kwa ajili ya mambo mengine kabisa.