Neno "Shy" na Haya Yetu

Katika kufasiri Kiingereza, maneno yatupotezayo si yale mageni, bali ni yale tudhaniyo kwamba tumekwisha kuyajua. Mojawapo ni "shy". Mwanafunzi akiulizwa maana yake hujibu upesi, "Mwenye haya," na mwalimu humkubalia. Nami nalikuwa katika walimu hao, tena nalikosa kwa ajili yake.

Asili ya neno hili ni Kiingereza cha kale, na ndugu yake katika Kijerumani ni "scheu". Maana yake ya zamani ni mwepesi wa kushtuka. Hata leo, farasi akiona kitu njiani akaruka kando, Waingereza humtajia neno lilo hilo. Wala farasi hana haya, ana hofu tu. Wanayo pia methali isemayo kwamba aliyeumwa mara moja huwa "shy" maradufu. Wahenga wetu walinena, "Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka." Hawakusema kwamba huona haya.

Haya ni jambo jingine. Neno lenyewe limetoka katika Kiarabu, na kwetu ni ile adabu ya moyoni imzuiayo mtu asitende lisilofaa. Ukitaka kuyapima maneno mawili hayo, yakanushe. Mwingereza asemapo mtoto wake si "shy", yamkini anamsifu. Lakini ukimwambia Mswahili kwamba mwanawe hana haya, umewatukana wote wawili, mzazi na mwana.

Miaka mingi iliyopita mzee mmoja aliniletea taarifa ya shule ya binti yake, iliyoandikwa kwa Kiingereza, nimsomee. Mwalimu aliandika kwamba mtoto ni "shy" mno. Nikasema, "Ana haya sana, mzee." Akafurahi, akajibu, "Ahsante, mwalimu; ndivyo tulivyomlea." Kumbe aliyeandika alikuwa akitaka msaada: mtoto aliyajua majibu, ila hakuthubutu kufumbua kinywa. Binti akarudi shuleni na sifa, na woga wake ukabaki vile vile.

Basi na tufasiri kwa kadiri ya mahali. Mtoto wa namna ile tuseme anaogopa kusema mbele za watu. Mnyama, tuseme ni mwepesi wa kushtuka. Mtu aitwaye "work-shy", tuseme anategea kazi. Na Mmarekani asemapo hesabu ni "shy" kwa shilingi mbili, neno letu ni kasoro.

Haya tumwachie mwenye haya hasa: yule ainamishaye macho mbele ya wakubwa, lakini akiulizwa hujibu. Huyo hahitaji kuponywa. Mwoga ndiye ahitajiye mtu wa kumtia moyo, naye hatampata maadamu sisi tunamwita kwa jina la sifa.