Wasaa wa Mbingu: Aya za Falaki katika Tarjuma za Kiswahili za Qurani

Katika Kiswahili neno "tafsiri" hubeba kazi mbili ambazo katika Kiarabu zimetengwa. Kwa Mwarabu, kuyatoa maneno katika lugha moja na kuyatia katika nyingine ni tarjuma. Kuyafunua makusudio ya aya ndiko tafsiri. Mswahili huziita zote mbili tafsiri. Huenda tofauti hii ikaonekana kuwa ni jambo la kamusi tu, lakini katika aya za Qurani zinazotaja mbingu, jua na mwezi imezaa tatizo linalowahusu wahakiki wa lugha, wala si wanazuoni wa dini peke yao. Msomaji asiyejua Kiarabu akikuta katika Kiswahili kwamba mbingu zinapanuliwa, hana njia ya kujua kama hapo amesoma neno la aya, au amesoma rai ya mfasiri aliyekwisha kupata habari za elimu ya falaki ya karne ya 20.

Makala haya hayakusudii kuamua iwapo Qurani iliyatangulia magunduzi ya wanafalaki. Hilo ni suala la imani, na kila mmoja ana mizani yake. Yanayokusudiwa ni kuyapima maneno mawili, musi'un na falak, ili ionekane mfasiri wa Kiswahili hupata nini na hupoteza nini anapoikaribisha sayansi ya zama zake ndani ya matini.

Tarjuma kamili za Kiswahili zina umri unaozidi miaka 100. Godfrey Dale, kasisi wa misheni ya UMCA huko Unguja, alitoa yake mwaka 1923. Mwaka 1953 ikatokea Nairobi ile ya Sheikh Mubarak Ahmad Ahmadi wa jumuiya ya Ahmadiyya. Mwaka 1969 ikachapishwa kazi ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, mzaliwa wa Unguja aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Na mwaka 1995 Sheikh Ali Muhsin al-Barwani akatoa tarjuma iliyofuata Al-Muntakhab, tafsiri iliyotungwa na jopo la wanazuoni wa Misri, ambayo chini ya baadhi ya aya huweka maelezo ya kisayansi. Kila mmoja alikuwa na wasomaji wake na hoja zake. Lakini jambo moja linawakusanya: kati ya Dale na al-Barwani elimu ya falaki yenyewe iligeuka. Dale alipokuwa akichapisha kazi yake, wanafalaki walikuwa bado wanabishana kama kuna galaksi nyingine nje ya hii yenye jua na sayari zake. Al-Barwani alipochapisha yake, kupanuka kwa ulimwengu kulikuwa kunafundishwa shuleni.

Aya inayotajwa mno katika mjadala huu ni ya 47 ya sura Adh-Dhariyat. Inasema kwamba mbingu zimejengwa kwa nguvu, kisha inamalizia kwa neno moja la sifa: musi'un. Neno hili limetokana na mzizi wa w-s-', ambao maana yake ya asili ni upana na nafasi. Wafasiri wa kale walilielewa kwa njia zaidi ya moja. Wako waliosema kwamba maana yake ni wenye uwezo. Wako waliosema ni wenye kuzifanya mbingu ziwe pana. Na wako waliolielekeza kwenye kukunjua riziki. Katika karne ya 20 ikaongezwa maana ya nne, kwamba Mungu anaendelea kuzipanua mbingu, na maana hii ikahusishwa na yale aliyoyatangaza Edwin Hubble mwaka 1929, kwamba galaksi zinaachana na kadiri zilivyo mbali ndivyo kasi yake inavyozidi.

Je, sarufi inaikubali maana hiyo ya nne? Haki ni kukiri kwamba haiikatai. Musi'un ni jina la mtendaji, na katika Kiarabu jina la namna hii laweza kuchukua tendo linaloendelea. Hata hivyo, Qurani yenyewe ina ushahidi mwingine. Umoja wa neno hilo hilo umo katika aya ya 236 ya sura Al-Baqara, panapozungumzwa kitoka nyumba cha mke aliyeachwa: mwenye nafasi atoe kwa kadiri yake, na mwenye dhiki kwa kadiri yake. Hapo musi' ni mtu mwenye wasaa, wala hapana anachokipanua. Zaidi ya hayo, aya inayofuatia katika Adh-Dhariyat inasifu kutandikwa kwa ardhi. Zikisomwa pamoja, aya hizi mbili zinaleta sura ya maskani: juu pamejengwa kwa nafasi, chini pametandikwa. Ni sura ya mwenyeji karimu na nyumba yake. Mwenye kuitoa aya ya kwanza peke yake na kuipeleka katika chumba cha darubini amelitenga neno na jirani yake.

Hapa Kiswahili kina hazina ambayo lugha nyingi zilizotafsiri Qurani hazina. Neno "wasaa" limetoka katika mzizi uo huo wa w-s-'. Mswahili husema nyumba ina wasaa, akimaanisha nafasi ya mahali. Husema hana wasaa, akimaanisha nafasi ya wakati. Na husema fulani ana wasaa, akimaanisha uwezo wa mali. Maana za upana na uwezo, ambazo wafasiri wa kale walizigawana, zimekaa pamoja ndani ya neno moja la kila siku. Mfasiri akiandika "tunazipanua", amechagua maana moja na kuufunga mlango. Akiandika "wenye uwezo", ameufunga mlango ule mwingine. Akiandika "nasi ndio wenye wasaa", amemwachia msomaji wake nafasi ile ile aliyoachiwa Mwarabu.

Neno la pili ni falak. Limo katika aya ya 33 ya sura Al-Anbiya na aya ya 40 ya sura Yasin, ambapo jua na mwezi vinatajwa kuwa kila kimoja kimo katika falak, na kitendo chake ni kuogelea. Kiswahili kililipokea neno hili zamani, lakini kikalipa maisha mengine. Kupiga falaki ni kazi ya mnajimu anayetazamia safari, ndoa na maradhi kwa nyota. Na elimu ya falaki ni jina la sayansi. Kwa sababu ya mchanganyiko huo, mfasiri hukwepa kuliacha neno lilivyo, akatafuta "njia" au "mzingo". Maneno haya si mabaya. Ila "mzingo" humfanya msomaji wa leo aone mchoro wa kitabu cha jiografia, kumbe aya ilimwonyesha msikilizaji wake wa kwanza viumbe waliomo majini.

Na kitenzi chenyewe ni cha kuangaliwa. Mtu wa pwani hachanganyi kuelea na kuogelea. Chombo huelea, na gogo huelea, kwa kuchukuliwa na maji, anayeogelea hujiendesha. Kiarabu cha aya kinasema kuogelea. Tena kinatumia kiishio cha wingi kinachohusu wenye akili, ingawa kinachotajwa ni jua na mwezi. Mfasiri wa Kiswahili hana budi kuamua jambo hili kwa upatanisho wa ngeli. Akisema "vyote vinaogelea", amefuata kanuni ya kawaida ya kuyaunganisha majina ya ngeli mbalimbali, na istiari imepungua nguvu. Akisema "wote wanaogelea", ameyapa jua na mwezi nafsi, kama Kiarabu kilivyofanya. Kanuni ya sarufi inavunjika kidogo, lakini aya inahuika. Anayeitazama aya kwa macho ya falaki peke yake hawezi kuliona jambo hili, kwa sababu haja yake imekwisha mara tu alipopata njia ya mviringo.

Historia inatoa onyo lililo wazi zaidi. Baada ya elimu ya Ptolemy kuingia katika Kiarabu, wanazuoni wengi walizisoma mbingu saba kuwa ndizo duara saba za mwezi, Utaridi, Zuhura, jua, Mirihi, Mushtari na Zohali. Wanafalaki walipohesabu duara 9, hesabu ikapatanishwa kwa kuongeza Kursi na Arshi. Al-Baydawi, mfasiri wa karne ya 13, aliutaja upatanisho huo, lakini kwa tahadhari: alisema kwanza kwamba madai ya wanafalaki yana shaka. Tahadhari hiyo ilikuwa na thamani kubwa kuliko upatanisho wenyewe. Mwaka 1543 Copernicus aliiondoa dunia katikati. Mwaka 1781 William Herschel akaiona sayari ya Uranus, ambayo haikuwa na nafasi katika hesabu ile ya saba. Aya zilibaki kama zilivyo. Kilichoanguka ni tafsiri iliyokuwa imeegemezwa kwenye mfumo wa Ptolemy.

Elimu ya karne ya 20 nayo haikutulia. Mwaka 1917 Einstein aliuchora ulimwengu usiopanuka wala kusinyaa, na mfasiri wa mwaka ule ambaye angetaka kupatana na sayansi angalichagua maneno ya uthabiti. Kipimo cha Hubble cha mwaka 1929 kiliupa ulimwengu umri wa miaka bilioni 2 hivi, ambao haukutosha hata kwa umri wa dunia. Leo unakadiriwa kuwa bilioni 13.8. Mwaka 1948 Hoyle, Bondi na Gold walileta nadharia ya ulimwengu unaopanuka lakini usio na mwanzo, nayo ilikuwa na wafuasi mpaka miaka ya 1960. Kwa hiyo hata neno "kupanuka" halikuwa na maana moja kwa wanafalaki wenyewe. Mwaka 1998 ikaonekana kwamba kupanuka huko kunazidi kasi, na sababu yake ingali inatafutwa. Hii ndiyo sifa njema ya sayansi, kwamba hujisahihisha. Lakini matini matakatifu hayajisahihishi, na mwenye kuvifunga viwili hivi kwa kamba moja atapata taabu kimoja kikisogea.

Hoja hii si ngeni kwa Waislamu. Al-Shatibi, aliyefariki mwaka 1388, alishikilia kwamba Qurani ieleweke kwanza kwa yale waliyoyajua Waarabu walioteremshiwa. Katika karne ya 20 Amin al-Khuli na mkewe Aisha Abd al-Rahman, wote wasomi wa fasihi nchini Misri, waliirudia hoja hiyo kwa njia ya uhakiki wa lugha. Upande wa pili alikuwako Tantawi Jawhari, aliyeandika tafsiri ya majuzuu 26 iliyojaa elimu za kisasa, na baadaye daktari wa Ufaransa Maurice Bucaille, ambaye kitabu chake cha mwaka 1976 kilienea sana. Haifai kumdharau Jawhari. Kusudi lake lilikuwa kuwaamsha Waislamu wazitafute sayansi ambazo walikuwa wameziacha kwa wengine, na kusudi hilo lilikuwa jema. Walakini kijana anayeambiwa kwamba kila lililogunduliwa limo tayari katika kitabu alichokihifadhi huenda asione haja ya kwenda kugundua.

Qurani yenyewe imeacha mfano wa namna ya kulijibu swali la falaki. Katika aya ya 189 ya sura Al-Baqara watu wanauliza juu ya miezi miandamo. Jibu halielezi kwa nini mwezi hukua na kupungua. Linasema kwamba miezi hiyo ni vipimo vya nyakati kwa ajili ya watu na Hija. Wataalamu wa balagha huitolea aya hii mfano wa kumjibu muulizaji kwa lile linalomfaa kuliko lile aliloliuliza. Sababu ya kukua na kupungua kwa mwezi iliachwa mikononi mwa wenye kuchunguza, na wanafalaki wa Kiislamu waliichunguza.

Yafuatayo, basi, ni matakwa ya uhakiki kwa tarjuma zitakazokuja. Maelezo ya kisayansi yawe pembezoni, yatiwe tarehe, na yatajwe kuwa ni rai, maana maelezo ya pembezoni hubadilika katika chapa inayofuata bila ya kumtikisa msomaji. Ndani ya aya lisitiwe neno lililo jembamba kuliko la asili. Palipo na neno la Kiswahili linalokusanya maana nyingi kama lilivyo la Kiarabu, mfasiri asilikimbie kwa kuliona la kawaida mno. Bibi wa Lamu anayemwambia mgeni kwamba nyumba ina wasaa analitumia neno la mzizi uleule wa aya, na mfasiri akilitia katika tarjuma yake, bibi huyo ataielewa aya bila ya kungoja habari za darubini.