Namna ya Kuipima Filamu ya Singeli

Video nyingi za singeli, muziki wa kasi wa mitaani Tanzania, hufanana: vumbi la uswahilini, ukuta wa spika, MC anayetiririkwa na jasho, picha zinazopishana kwa kasi ya biti. Mtazamaji husisimka, lakini ukimuuliza shughuli ilikwendaje, hana la kusema. Kipimo kianzie hapo. Filamu bora ya muziki wa mtaani humwezesha asiyekuwepo kujua nani alimwitikia nani, na nini kilifuata nini. Uzuri wa picha hupimwa baadaye.

Tazama kwanza uhariri. Singeli huenda mapigo 200 hadi 300 kwa dakika. Kwenye mapigo 240, kila sekunde ina mapigo 4, na kamera ya fremu 25 kwa sekunde hupata fremu 6 hivi kwa kila pigo. Mhariri akikata kila baada ya mapigo mawili matatu, mguu wa mchezaji hauonekani ulikotoka wala ulikotua. Tafuta shoti ya nusu dakika au zaidi, yenye mwili mzima na waliomzunguka mchezaji. Wapo watakaosema kasi ya uhariri ndiyo roho ya singeli. Lakini kasi hiyo imo mdomoni mwa MC na kiunoni mwa mchezaji. Mmoja anaweza kuyakimbiza mapigo yote huku mwenzake akicheza kwa nusu yake, na ufundi huo haushikiki ila kamera ikitulia.

Kisha sikiliza. Simu ikizidiwa na spika hujipunguzia sauti yenyewe, besi na vigelegele vikawa donge moja. Kazi ya maana hurekodi mara mbili: moja kwa moja kutoka kwenye mikisa, na kwa maikrofoni iliyo katikati ya watu. Sauti ya mikisa peke yake humleta MC na kumwacha nje umati unaomfanya arudie mstari. Mbaya zaidi ni kuzibandika picha za kigodoro, sherehe ya mtaani ya usiku, juu ya wimbo uliorekodiwa studio: kinachoonekana na kinachosikika havikutokea pamoja, na ushahidi umekufa.

Utasikia pia kwamba video za simu zimejaa mtandaoni, basi kumbukumbu ipo. Ushahidi huo una thamani, ila mara nyingi hauna tarehe, mtaa wala jina la mchezaji, na mitandao huubana ubora wake. Kwa hiyo soma majina ya mwishoni: wachezaji wametajwa, au prodyuza tu? Paris Is Burning, filamu ya 1990 kuhusu kumbi za mashindano ya ball huko New York, ilisifiwa sana, lakini baadhi ya walioonekana humo walidai malipo, na ubishi huo haujaisha. Kwa singeli kuna sababu ya ziada ya kuomba ruhusa, maana vigodoro vimewahi kupigwa marufuku na sura ya mtu inaweza kumponza. Anayeomba ruhusa hupoteza shoti kadhaa, lakini huaminiwa kiasi cha kuweza kurudi. Mwisho, uliza picha asilia zimehifadhiwaje: nakala 3, kwenye vihifadhi vya aina 2, moja ikiwa mahali pengine. Filamu ambayo mtaa wenyewe hauna nakala yake imeuhifadhi mtaa kwa ajili ya wageni tu, na hiyo ni dosari ya kazi, hata picha ziwe safi namna gani.